Kabla hujalilaumu bomba, kwangua

Kila kundi jipya la vijana wa mabomba ya gesi huja na swali lile lile: plastiki itazuiaje haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote? Swali zuri. Kinachoniudhi ni kumkuta muulizaji huyo huyo mtaroni, anavalisha kapla (kiungio cha plastiki chenye waya ndani, kinachoyeyushwa kwa umeme kishikane na bomba) kwenye bomba ambalo hajalikwangua ngozi ya juu.

1. Bomba linafaa. Ni kweli haidrojeni hupenya ukuta wa PE (polyethilini, plastiki ya mabomba haya) mara 4 hadi 5 zaidi ya methani, gesi kuu ndani ya gesi asilia, ila kwa presha za mitaani kinachopotea ni kidogo mno. Cha kuchungwa ni chuma kigumu cha presha kubwa, maana haidrojeni hukiingia kikawa chepesi kupasuka. PE haina ugonjwa huo. Kule Fife, Scotland, mradi wa H100 umelaza PE ili kupeleka haidrojeni tupu majumbani.

2. Kiungio ndicho cha kutiliwa shaka. Juzi kijana mmoja, mchapakazi kweli, aliniletea kiungio alichokichoma mwenyewe. Pini za kapla zimechomoza, mashine imeandika sawa, presha imekaa. Nikamwambia tukipasue. Tulipokibandua, kapla ikaachia bomba zima zima, na juu ya bomba mistari ya peni aliyoichora kuonyesha pa kukwangua ilikuwa bado inasomeka. Alikaa kimya, nami niliumia naye, kwa sababu alikuwa amefuta vumbi vizuri, amefunga klampu, amesubiri ipoe. Alichoruka ni kukwangua tu. Ngozi ya juu ya PE huliwa na hewa na jua. Isipoondolewa, plastiki huyeyuka bila kushikana. Pini zinakuonyesha kwamba imeyeyuka, basi. Kiungio cha namna hiyo hupita jaribio la leo, kikaachia baadaye chini ya barabara. Msasa hautoshi, jamani. Chukua kikwanguo, kwangua mpaka mistari yote itoweke, usiguse tena kwa mkono.

3. Kwa ujazo ule ule, haidrojeni hubeba takribani theluthi moja ya nishati ya gesi asilia. Piga hesabu ya kipenyo upya.

4. Unapobana bomba kuzuia gesi, lifunge kitambaa kibichi kinachogusa ardhi. PE hujaa umeme tuli, na haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani, kwa cheche ndogo kabisa. Mwali wake mchana hauonekani, kwa hiyo tanguliza kipimo cha gesi kabla ya mkono wako.