Kulea watoto nyumbani: nitoze kwa siku au kwa mwezi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Mabatini, Mwanza, na kwa mwaka mmoja sasa ninawalea nyumbani kwangu watoto watano wa majirani, wengi wao wakiwa ni watoto wa akina mama wanaouza dagaa katika soko la Mwaloni. Ninatoza shilingi 1,500 kwa kila siku ambayo mtoto ameletwa. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi ninapata kama 140,000, na uji, chakula, mkaa, maji na sabuni vinakula 75,000. Nimefikiria kuongeza watoto wafike 15 ili nami nipate cha kueleweka. Je, nitakuwa nimefanya sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakuomba usiongeze hata mtoto mmoja kabla hujabadilisha namna unavyotoza, kwa maana tatizo lako haliko kwenye idadi.

Watoto watano kwa siku 26 ni mahudhurio 130, lakini hizo 140,000 unazopata ni malipo ya mahudhurio 93 tu. Mara 37 ambazo mtoto mmoja au mwingine hakuletwa, kwa sababu ya homa, mvua au bibi aliyekuja kutembea, wewe ulikuwa umeamka alfajiri, umekoroga uji na mlango wako uko wazi, na bado shilingi 55,500 hazikuingia. Linganisha na 65,000 zinazobaki mkononi mwako baada ya matumizi. Kama unalea saa 12 kwa siku, saa yako moja inalipwa shilingi 208.

Sasa chukua hao 15 kwa utaratibu huohuo. Mapato yatakuwa kama 420,000. Iwapo kila mtoto anakula 10,000 kwa mwezi, chakula kitachukua 150,000, na mkaa, maji na sabuni tukadirie 60,000. Huwezi kuwa peke yako, kwa hiyo weka msaidizi mmoja wa 150,000. Kinachobaki ni 60,000, yaani pungufu ya unachopata leo, na bado ninyi wawili hamtoshi kwa watoto 15 ambao baadhi yao hawajaanza kutembea.

Ninalosisitiza kwa kila mlezi ni kwamba mzazi analipia nafasi ya mtoto, na nafasi hiyo ni yake hata siku ambayo mtoto amebaki nyumbani. Kwa watoto sita, hesabu yako iwe hivi: chakula 60,000, mkaa, maji na sabuni 25,000, ujira wako mwenyewe 150,000, na akiba ya 35,000 kwa ajili ya mikeka, dawa ya kusafishia na siku utakayougua wewe. Jumla ni 270,000, na ukiigawa kwa sita unapata 45,000 kwa mwezi. Mzazi ambaye mtoto wake hakosi hata siku moja analipa 39,000 sasa, kwa hiyo nyongeza hiyo inaelezeka.

Mtoto mchanga atozwe zaidi. Sheria inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, kwa hiyo wapo watakaokuletea mtoto wa miezi mitatu, na huyo anachukua mkono wako mmoja kutwa nzima. Ukiwa peke yako, mimi nakushauri usipokee zaidi ya wawili walio chini ya mwaka mmoja. Mkumbushe mama huyo pia kwamba anaponyonyesha ana haki ya kupewa hadi saa mbili za kunyonyesha katika muda wa kazi, jambo ambalo wengi hawalidai.

Hapa kuna jambo linaloninyima usingizi. Maji ya Mabatini huhifadhiwa kwenye ndoo, na mtoto wa mwaka mmoja akiinama kwenye ndoo yenye maji machache tu hawezi kujiinua, kwa kuwa kichwa chake ni kizito mno kwa mwili wake, na wala hapigi kelele. Kila ndoo iwe na mfuniko unaobana, au iwe nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa watoto 15 ndoo hiyo utaisahau.

Kuhusu kibali, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, hata kama ni sebuleni kwako. Anzia kwa mtendaji wa mtaa, kisha uende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ya Jiji. Muulize masharti kabla hujanunua chochote, kwa sababu nimeona walezi wakijenga choo kisha wakaambiwa wakibomoe.

Wazazi uwape taarifa mwezi mmoja kabla, kwa karatasi yenye kiwango, tarehe ya kulipa na saa ya mwisho ya kumchukua mtoto. Muuza dagaa hupata fedha kwa siku na hawezi kutoa 45,000 kwa mkupuo, kwa hiyo mkubalie alipe 11,250 kila Jumatatu kwa majuma manne ya mwanzo wa mwezi, kabla hajamwacha mtoto, nawe uandike kwenye daftari mbele yake naye atie sahihi.