Ruzuku ya Novemba inavyoishia kwenye lumbesa ya Julai

Mkuu mleta mada ameuliza: kama serikali ingeweza kufanya jambo moja tu kwa mkulima mdogo, ianze na lipi? Waliotangulia wametaja mbolea, mbegu na matrekta. Mimi nalima Namtumbo, mkoani Ruvuma, mahindi ekari tatu na ufuta ekari mbili, na nimekaa kwenye bodi ya AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, vipindi viwili. Jibu langu ni mizani, na naomba nieleze kwa kirefu kwa nini.

Nianze na mbolea, maana hapo nina shukrani ya kweli. Msimu wa 2021/22 mfuko wa kilo 50 wa DAP huku kwetu ulifika laki moja na thelathini na ushee. Nilimudu kuweka mbolea ekari moja tu. Zile mbili nyingine niliziacha hivyo hivyo, na mahindi yake yalitoka ya njano, membamba, mengine hayakubeba kabisa. Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia akazindua ruzuku ya mbolea pale Mbeya, na mfuko wa DAP na wa Urea ukawa 70,000. Tulijiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, kila mmoja akapata namba yake kwenye simu. Nilichukua mifuko sita, mitatu ya kupandia na mitatu ya kukuzia. Kwa bei ya zamani ningelipa kama 770,000. Nililipa 420,000. Wakala alikuwa mbali na siku niliyokwenda mtandao ulikatika, ikabidi nilale hukohuko, lakini mbolea nilirudi nayo. Laki tatu na nusu zilibaki mfukoni mwangu, na shamba lilikuwa la kijani kibichi mpaka watu wakawa wanasimama barabarani kuliangalia.

Sasa twende Julai. Kijana wangu alipangiwa kidato cha tano. Ada imeondolewa, hilo tunalishukuru, lakini karatasi ya shule ilikuwa na godoro, sare, vyombo, madaftari na nauli ya kwenda mkoa mwingine. Tarehe ya kuripoti haisubiri bei. Mnunuzi akaja na gari na magunia yake mwenyewe. Mnaoishi mjini mnaiona lumbesa sokoni. Njooni muione inavyozaliwa. Gunia linajazwa, kijana anapanda juu na kulishindilia kwa miguu, linajazwa tena, halafu mdomoni kinashonewa kipande cha gunia jingine kama kilemba, nacho kinajazwa. Likishasimama linamfika mtu kifuani. Hilo linaitwa gunia moja, na bei iliyotajwa ni ya gunia moja la kilo 100.

Niliuza 25. Lile la mwisho tulilipitisha kwanza kwenye mizani ya ghala la ufuta: kilo 120. Chukua kilo 20 za ziada mara magunia 25, unapata kilo 500. Mwaka ule tuliuza 600 kwa kilo. Hizo ni laki tatu.

Msomaji naomba urudie hesabu hiyo taratibu. Ruzuku ilinipa kama laki tatu na nusu mwezi wa kumi na moja. Lumbesa ikachukua laki tatu mwezi wa saba. Fedha ya walipa kodi ilipita shambani kwangu ikaenda kwa mtu ambaye hata jembe hajashika. Na sheria ya kumkataza ipo, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Lumbesa ni kosa. Kinachokosekana ni mizani pale mahindi yanapofungwa, maana vizuizi vingi vinakagua gari likiwa tayari barabarani, wakati mimi nimeshalipwa na nimeshaumia.

Kwenye ufuta mambo ni tofauti kabisa, japo mkulima ni yuleyule na kijiji ni kilekile. Ufuta unapita kwenye stakabadhi ghalani, mfumo uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kufanya kazi kwenye korosho kule Mtwara msimu wa 2007/08. Unapeleka mzigo AMCOS, unapimwa mbele yako, unasoma kilo kwa macho yako, unapewa karatasi. Siku ya mnada tunakusanyika. Bei za wanunuzi zinasomwa hadharani, ya juu na ya chini, na tunaulizwa: mnakubali? Nimeshuhudia mnada ambao kina mama walikataa kwa sauti moja, mzigo ukabaki ghalani, na mnada uliofuata bei ikapanda. Mkulima wa ekari moja alikuwa na neno kwenye bei. Katika maisha yangu yote ya kuuza mahindi sijawahi kupata nafasi hiyo.

Nao una kasoro. Makato ni mengi, na mwanachama wa kawaida hawezi kukueleza kila kato linakwenda wapi. Viongozi wa vyama wana wajibu wa kuyabandika ukutani, na najua vyama ambavyo havifanyi. Kubwa zaidi ni kuchelewa kwa malipo. Mama mmoja hapa kijijini aliuza ufuta wake kwa kangomba, yaani wanunuzi wa nje ya mfumo, kwa bakuli, usiku, chini ya nusu ya bei ya mnada, kwa sababu mtoto alikuwa amelazwa na mnada ulikuwa wiki mbili mbele. Mtu kama huyo ukimwita mhujumu unamkosea. Miaka ya mwanzo ya korosho mkulima alikuwa anapata sehemu ya fedha akishakabidhi mzigo, zilizobaki zinakuja baada ya mnada. Sheria yenyewe inaruhusu ile stakabadhi iwe dhamana ya mkopo. Kama serikali inaweza kulipia nusu ya mfuko wa mbolea, inaweza pia kuidhamini benki imkopeshe huyu mama robo ya thamani ya mzigo ambao tayari uko ghalani, umepimwa na umefungiwa.

Marehemu baba yangu alikuwa mpima mizani wa chama cha msingi. Alikuwa akituambia kwamba vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, kilichomuuma zaidi ni kuiona mizani imefungiwa stoo. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini chama kikishakufa kwanza hakirudi kilekile. Katika miaka hiyo Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Ndiyo iliyofanya mikoa ya mbali kama Ruvuma na Rukwa iwe ghala la taifa, maana gharama ya lori kutoka Songea mpaka Dar es Salaam haikuwa juu ya mkulima. Shirika lilizama kwenye madeni na bei ile ikaondolewa. Sisemi turudi huko. Nasema tulizoeshwa kulima mahindi kwa wingi na sera, kisha sera ikaondoka na umbali ukabaki palepale, na anayeulipia sasa ni mkulima, kupitia bei anayopewa nyumbani kwake.

Kuna waliosema vocha za pembejeo zirudi. Hapana. Nilikuwepo zilipoanza, msimu wa 2008/09. Mkulima alitakiwa aongeze nusu ya bei kutoka mfukoni mwake, na wengi hawakuwa nayo mwezi ule. Nilishuhudia watu wakisaini vocha, wanapewa shilingi chache taslimu, wakala anabaki na karatasi na mbolea yake haitoki dukani. Kwenye vitabu kijiji chetu kilipata mbolea. Usajili wa sasa wa namba una usumbufu wake, lakini ni bora mara nyingi.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Ugani: pikipiki zimetolewa, ni jambo jema, sasa ziwekewe mafuta mwaka mzima. Mbegu: mbegu feki ni wizi, adhabu iwe kama ya wizi. Bajeti: viongozi wa Afrika waliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti za nchi zao kule Maputo mwaka 2003. Bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na ninaipongeza serikali kwa hilo. Lakini sikilizeni hotuba za bajeti: sehemu kubwa inazungumzia kuzalisha. Siku ya kuuza inapewa aya chache.

Na kwa jina la Mungu, mipaka isifungwe ghafla. Mwaka 2017 usafirishaji wa mahindi nje ulipozuiwa, mimi nilikuwa na magunia ndani, wanunuzi wakatoweka, na msimu uliofuata majirani kadhaa walipunguza eneo. Mkulima alipanda kwa kuamini soko lililokuwepo siku ile. Kama nchi inaogopa njaa, na hofu hiyo naielewa, basi serikali iingie sokoni mapema inunue akiba yake kwa bei ya ushindani.

Kuna aliyependekeza mahindi nayo yalazimishwe kwenye stakabadhi ghalani kama ufuta. Hapo nakataa. Ufuta ni fedha, mahindi ni ugali wangu. Lazima niweze kuchukua debe nikasage, nimpe dada yangu, niuze gunia moja nikiuguliwa. Ninachotaka ni kila ghala la kijiji liwe na mizani iliyopigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo, iwe wazi msimu mzima wa mavuno, na mahindi yoyote yanayotoka kijijini kwa biashara yapite juu yake kabla fedha haijahesabiwa. Mizani ya ghala haifiki hata bei ya pikipiki moja.

Mwaka jana wakulima saba tulichanga tukanunua mizani ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye mwembe nyumbani kwangu. Mnunuzi wa kwanza alipoiona aliwasha gari akaondoka. Siku mbili hatukuuza kitu, na mmoja wetu alianza kusema tuiondoe. Siku ya tatu alirudi, maana vijiji vya mbele alikuta mahindi bado mabichi. Gunia la kwanza lilikuwa limefungwa na vijana wake. Mshale ulisimama kwenye 121. Tukalifungua mbele yake, tukapunguza mpaka 100, na debe lililobaki mke wangu akalibeba akalirudisha ndani.