Maswali na majibu: kazi ya mbali na uhuru wa kupanga saa zako

Bosi wangu anasema anayefanyia kazi nyumbani hulala tu. Nimjibu vipi?

Mwambie jambo hilo lilishapimwa. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilichunguza katika Ctrip, kampuni ya huduma za safari ya China. Wahudumu wa simu waliojitolea waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: wa tarehe shufwa walifanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wa witiri wakabaki ofisini. Katika miezi 9, ufanisi wa waliokuwa nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, hasa kwa kuwa mapumziko na siku za kuugua zilipungua. Kisha mwombe majaribio ya miezi mitatu, yenye malengo mliyokubaliana. Bosi mwenye wasiwasi hukubali majaribio upesi kuliko mabadiliko ya kudumu.

Nikiwa mbali, si nitasahaulika vyeo vikitolewa?

Hofu yako ina msingi. Katika utafiti huohuo, waliokaa nyumbani hawakupandishwa cheo kwa kadiri ya ufanisi wao. Ndiyo maana, kwa anayeweza kuchagua, mimi napendelea kugawa wiki kati ya nyumbani na ofisini. Utafiti mwingine katika kampuni ileile, uliochapishwa mwaka 2024, ulihusisha wafanyakazi 1,612. Waliopewa siku mbili za nyumbani waliacha kazi kwa kiwango cha chini kwa thuluthi moja, na upandishaji vyeo haukuathirika. Kama huna siku za ofisini kabisa, mwandikie msimamizi wako kila Ijumaa ulichokamilisha na kilichokwama.

Nilitafuta uhuru, sasa najibu ujumbe wa kazi hadi saa tano usiku. Nimekosea wapi?

Swali hili limenigusa kuliko mengine, kwa sababu naona watu wengi wanachoka hivi kimyakimya. Tunapozungumzia kazi ya mbali tunafikiria mahali: mezani kwako, kibarazani, kijijini kwa wazazi. Mahali ni sehemu ndogo sana. Utamu wa kazi hii ni saa. Unampeleka mtoto kliniki saa nne asubuhi bila kuomba ruhusa kama mwanafunzi, na ripoti unaimaliza alasiri nyumba ikitulia. Mzazi mwenye mtoto mchanga, anayemuuguza mama yake, mlemavu anayeteswa na safari ya kila siku, hao wote huweza kubaki kazini kwa sababu ya saa hizo.

Lakini saa zisizo na mpaka humezwa na kazi. Ufaransa iliiingiza haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi katika sheria zake kuanzia mwaka 2017. Ureno nayo, mwaka 2021, ikamtaka mwajiri asimsumbue mfanyakazi wakati wa mapumziko yake, isipokuwa kwa dharura isiyoepukika. Penye pengo la sheria, kaeni na msimamizi wako muandike mambo matatu: saa ambazo timu nzima inapatikana, muda wa kujibu ujumbe wa kawaida, na nani apigiwe simu kukiwa na dharura ya kweli. Kisha ondoa programu za kazi kwenye simu yako binafsi. Mimi nilifanya hivyo, na usingizi ukarudi.

Naweza kuhamia nchi nyingine na kazi yangu hii hii?

Pengine, ila angalia visa na kodi. Estonia, kwa mfano, ilianzisha visa ya wafanyakazi wa mbali mwaka 2020. Nchi nyingi humhesabu mtu mkazi wa kodi, yaani anayedaiwa kodi huko, akikaa humo takriban siku 183 kwa mwaka. Usikate tiketi kabla mwajiri hajakupa ruhusa kwa maandishi.