Ukitaka kuijua Queen, mtafute mtunzi wako

Kaseti yangu ya kwanza ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ilikuwa Greatest Hits, mkusanyiko wao wa vibao wa mwaka 1981. Binamu yangu alinirekodia. Niliisikiliza wiki nzima, kisha nikaitupa kwenye droo. Haikuwa mbaya, ila ilinivuruga kichwa. Wimbo mmoja kama opera, mwingine wa kuchezea disko, mwingine watu wanakanyaga sakafu na kupiga makofi tu. Hawa ni bendi moja au nne?

Miaka ikapita, ndipo nikaanza kusoma yale maandishi madogo kwenye majalada ya albamu zao. Kumbe wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja ana kibao chake kikubwa. Tangu hapo, anayeniuliza aanzie wapi namwambia aache mkusanyiko kwanza, atafute mtunzi wake.

Wangu mimi ni John Deacon, mpiga besi, yule mkimya aliyesimama nyuma. Ndiye aliyetunga You're My Best Friend, na kwa kuwa mwimbaji wao Freddie Mercury hakuipenda piano ya umeme, Deacon akajifunza kuipiga mwenyewe. Another One Bites the Dust ya 1980 ni yake pia, na I Want to Break Free ya 1984. Tafadhali usimsikilize kwa spika ya simu. Nilifanya hivyo mwanzoni, besi yote ikapotea, nikabaki nashangaa watu wanasifia nini. Tafuta hedifoni, hata za bei poa.

Ukipenda gitaa na hadithi, mfuate Brian May. Gitaa lake alilitengeneza na baba yake, shingo yake ikatokana na mbao za meko ya zamani. Ule wa makofi na kukanyaga, We Will Rock You (1977), ni wake, lakini mimi ningekuanzishia wimbo wake '39: wasafiri wa angani wanarudi wakidhani umepita mwaka mmoja, kumbe nyumbani vizazi vimeshapita. Haishangazi kwamba mtu huyu alikuja kupata udaktari wa fizikia ya anga mwaka 2007.

Roger Taylor, mpiga dramu, sina mengi kwake. Radio Ga Ga inatosha. Itazame ilivyopigwa uwanjani Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, uone mikono ya uwanja mzima.

Freddie mwenyewe je? Sisi wa Unguja tuna upendeleo, amezaliwa hapa kwetu mwaka 1946, kwa hiyo nivumilie. Chukua A Night at the Opera ya 1975 uisikilize yote, kwa mpangilio wake. Usirukie Bohemian Rhapsody. Iko karibu na mwisho, na ukiifikia umeshapita nyimbo za hasira, za mchezo na Love of My Life, hata ile "Bismillah" haikushtui, unaona albamu nzima ilikuwa inaelekea huko. Ukiisikia peke yake redioni ni kioja tu.

Halafu nenda kwenye albamu yao Jazz (1978), wimbo wa kwanza, Mustapha. Siku niliyoufungulia sauti nyumbani, bibi aliisikia ile "salaam aleikum" ya Freddie, akaitikia salamu kutoka jikoni, akatoka na mwiko mkononi kutazama mgeni gani kaja. Nilipomwambia ni bendi ya Uingereza alinitazama kama mwongo.

Hot Space ya 1982 iache hadi umeshawazoea. Mimi niliinunua mapema kwa sababu ya Under Pressure, waliyoimba na David Bowie. Wimbo huo ndio wa mwisho kwenye albamu, na kuufikia kulinichosha.

Kaseti ya binamu bado ninayo. Akija Sikukuu tunaicheza kwa kubahatisha: sekunde tano, taja mtunzi. Kwa Freddie hakosi. Kwa Deacon hajawahi kupata hata mara moja.