Gari oto inagonga gia mara moja moja? Usiruhusu gia boksi ishushwe kwanza

Jumapili natoka kanisani nakuta meseji ya kaka mmoja yuko Mafinga. Anasema dada, Noah yangu asubuhi nikiweka R ya kurudi nyuma inapiga kishindo mpaka watoto huko nyuma wanashtuka, ila sio kila siku, na ikishatembea kidogo inatulia, fundi kaniambia gia boksi imekwisha nitafute Sh 1,200,000, nina ng'ombe mmoja wa maziwa nafikiria nimuuze. Nimeisoma mara 3. Hiyo habari ya ng'ombe ndio imenikaa kifuani, manake mi nilishatoa hela ya mtaji wangu kwa sababu hiyo hiyo na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Wengi mnaonisoma mna gari moja tu ambayo ndio inaleta ugali nyumbani, kwahiyo naandika kwa urefu.

Mi nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya. Kila Jumatano naenda Tukuyu kupeleka mbegu na dawa na kukusanya oda, narudi jioni. Gari yangu ni Premio ya 2004, oto ya gia 4, nimeinunua kwa hela yangu bila mkopo na naitunza kama mtoto. Mwaka juzi mwezi wa 11 narudi zangu, nimeshapita Kiwira naanza kupandisha kuja Isyonje, gia ikaingia kutoka 2 kwenda 3 kwa teke moja mpaka nikatazama kioo nikijua nimegongwa kwa nyuma. Hakuna mtu. Ikawa hivyo mpaka Uyole, kila ikibadili inapiga. Nikazima, nikalala, asubuhi naiwasha iko poa kabisa kama sio yenyewe.

Wiki ikapita haina shida. Jumatano ya mbele yake ikarudia.

Nikampelekea fundi wangu wa siku zote, mtu niliyemwamini miaka mitano. Siku hiyo jua kali, akaichukua akaenda nayo Igawilo akarudi, akasema haijagonga hata mara moja. Alafu hapo hapo, gari imetoka kumwonesha kwamba haina tatizo, akaniambia mama hiyo ni gia boksi, hizi oto zikianza ndio hivo, itakuachia njiani. Nikamuuliza tunajuaje? Akanijibu, "Mama, wewe uza mbolea, gari tuachie sisi." Vijana pale gereji wakacheka. Nikanyamaza, na kunyamaza kule ndio kosa langu la kwanza. Hakuvuta hata stiki ya kupimia oili ya gia boksi, hakuchomeka mashine ya kusoma hitilafu za kompyuta ya gari, hakuniuliza inagonga saa ngapi wala wapi, na mi sikumwambia.

Gia boksi used Sh 850,000. Ufundi 150,000. Oili 120,000. Jumla Sh 1,120,000, na hiyo ilikuwa hela ya DAP, mbolea ya kupandia. Mwezi wa 11 Mbeya kila mtu yuko shambani, wateja wanakuja dukani wanaulizia DAP sina, wanavuka barabara kwa jirani. Kuna watu niliowauzia miaka yote hawajarudi mpaka leo, nikikutana nao tunasalimiana vizuri tu lakini mbolea wananunua kule.

Siku ya 9 baada ya kufunga hiyo gia boksi, Jumatano, natoka Tukuyu, mvua inamwagika, nimefika pale pale kwenye kilima. Teke. Nikapaki Isyonje kwenye wauza viazi nikalia, wale kina mama wakaja dirishani kuniuliza nimefiwa. Fundi nikampigia akasema labda na hiyo used ni mbovu, tutafute nyingine. Nikakata simu, na hatujaongea tena kuhusu gari.

Kilichoniokoa ni daftari. Dukani nina daftari la madeni, nikachukua kurasa za nyuma nikaanza kuandika kila safari: tarehe, naenda wapi, injini ya baridi au imeshachemka, gia ya ngapi kwenda ya ngapi, mguu mzito au mwepesi. Wiki 5 nikaandika. Nilienda Chunya, nikaupanda Kawetere na gari imejaa, injini imechemka, haikugonga. Nikaenda Chimala kwenye joto, haikugonga. Tukuyu ikagonga, Tukuyu tena ikagonga, alafu Tukuyu ya tatu kimya. Nikawa sielewi kabisa, barabara ni ile ile na mlima ni ule ule. Binti yangu yupo form two, akawa anasoma lile daftari jioni akaniuliza, "Mama, mbona siku zote zilizogonga ndio zile ulizorudi umelowa?"

Mvua! Wanaoijua Tukuyu wanajua mvua ya kule. Ile siku moja iliyotulia kulikuwa na jua. Hali ya hewa sikuwa nimeandika kabisa kwasababu sikujua kama gia na mvua vina undugu.

Hapo nikaacha mafundi wa gia boksi nikatafuta fundi umeme, kijana mmoja yupo Mafiati. Nilipofika akanipa shikamoo, nikamkabidhi daftari, akalisoma amekaa kwenye tairi kama dakika 10 hajagusa gari. Nilimheshimu kuanzia pale. Akachomeka mashine, ikaleta namba ya hitilafu inayoanza na P07 ikieleza umeme wa solenoidi, wakati taa ya cheki injini kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka hata siku moja. Kumbe kompyuta ya gari inaweza kuhifadhi hitilafu inayokuja na kupotea bila kuwasha taa. Akachukua chupa ya maji akanyunyizia kidogo kwenye soketi ya waya inayoingia gia boksi, gari inaunguruma, ile namba aliyotoka kuifuta ikarudi. Akaivua ile soketi, ndani pini zina kutu ya kijani, mpira wa kuzuia maji umekatika, na waya mbili zimechubuka. Kava la plastiki la chini ya injini halikuwepo, sijui lilibaki gereji ipi, kwahiyo kila nikikanyaga dimbwi tairi linarusha maji moja kwa moja pale.

Alinielewesha hivi. Ndani ya gia boksi kuna solenoidi, ni kama vibomba vinavyofunguliwa na kufungwa kwa umeme, ndivyo vinavyorekebisha presha ya oili inayobana gia. Gari nyingi zimetengenezwa kwamba umeme wa solenoidi ya presha ukikatika, presha inapanda mpaka mwisho ili gia zisiteleze zikaungua. Inajilinda. Wewe kwenye usukani unasikia teke. Ukizima na kuwasha, kama maji yameshakauka, inaanza upya kama hakuna kilichotokea. Na nilipobadilisha gia boksi waya zilibaki zile zile za gari, soketi ile ile, ugonjwa ukahamia kwenye gia boksi mpya. Akasafisha pini, akaunga waya, akaweka mpira mpya na grisi ya umeme, kava likafungwa. Sh 45,000. Mvua za mwaka ule zikaisha zikaja nyingine, naenda Tukuyu kila Jumatano na haijagonga tena. Ila gia boksi yangu ya kwanza, iliyotoka na gari Japani ikiwa haina kosa, ilibaki kule gereji na hii niliyonayo inavuma ikifika 80.

Kwahiyo ndugu yangu unayesoma, tatizo linalokuja na kuondoka lina ratiba yake. Iandike. Usiseme inagonga tu, sema inagonga lini. Ikigonga asubuhi tu ikiwa baridi ni kesi moja, ikigonga ikishachemka ni kesi nyingine, gia zote au moja tu, kwenye mvua au jua, ukikanyaga au ukiachia. Fundi mzuri ukimpa hayo umeshampunguzia nusu ya kazi, na fundi asiyetaka kuyasikia ondoka kwake hata kama ni shemeji yako.

Oili ndio ya kwanza kabla ya yote, na watu hawapimi. Kwa gari yenye stiki ya gia boksi, endesha kama dakika 20 mpaka ichemke, paki sehemu tambarare, injini inawaka, kanyaga breki pitisha lever kwenye gia zote taratibu urudi P, ndio uvute stiki, ufute, uchovye tena usome upande wa HOT. Ukipima imezima utadanganyika. Ikipungua gia zinachelewa kuingia na zinateleza, ikizidi inatoa povu na povu halina presha, kwahiyo kumwagia tu bila kupima ni kuongeza ugonjwa. Nyekundu ni nzuri, kahawia imechoka, nyeusi yenye harufu ya kuungua ujue kleti (klachi) za ndani zimeliwa. Ikiwa ya pinki nzito kama maziwa yenye rangi, maji ya rejeta yameingia kwenye oili, hapo zima gari usiende nayo hata sokoni. Na aina ya oili sio ya kubahatisha, Premio yangu inakunywa T-IV, Toyota nyingi za baadae zinatumia WS, CVT (oto isiyo na gia za hatua) ina yake kabisa. Anayekwambia nyekundu zote ni sawa anataka kukuuzia aliyonayo. Gari zisizo na stiki zinapimwa kwa nati ya pembeni zikiwa kwenye joto maalum, hizo mpelekee mwenye vifaa.

Alafu kuna injini. Gari ikiwa inamisi (silinda inakosa kuwaka) kwenye mlima kwasababu ya koili au plagi, mtikisiko wake unafanana sana na wa gia boksi, na nimeona watu wawili hapa Uyole wameshusha gia boksi kwa ajili ya koili. Mashine ikileta P0300 mpaka P0304 hiyo ni injini inamisi. Kama inatetemeka ukiwa kwenye mwendo wa 60 au 70 mguu mwepesi, barabara iko wazi na nyuma hakuna mtu, gusa breki kidogo sana bila kuachia mafuta. Kugusa kule kunaachanisha kleti ya toki konveta, kile chombo kinachounganisha injini na gia boksi. Mtikisiko ukikata hapo hapo anza kuangalia toki konveta na oili, ukiendelea angalia injini.

Na mkitoa betri gia zinaweza kuwa ngumu siku chache, kwenye baadhi ya gari kompyuta imesahau ilivyojifunza inaanza upya, usikimbilie gereji.

Sisemi gia boksi hazifi, zinakufa. Ukikanyaga mshale wa RPM (mzunguko wa injini) unapanda gari haiendi, oili nyeusi inanuka, sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi) ikifunguliwa kuna vipande vya chuma, hapo tafuta hela. Lakini hivyo ni vitu vya kuonekana kwa macho, kwahiyo mwambie fundi akuoneshe. Hela ni yako, simama pale pale mpaka uoneshwe, wacheke wasicheke. Kina mama wenzangu hasa, tunaambiwa gari sio mambo yetu wakati sisi ndio tunaoziendesha kila siku na ndio tunaosikia zinapogonga. Andika.

Sasa kaka wa Mafinga. Mafinga asubuhi ni baridi kama kwetu, gari ikiwashwa sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inakuwa juu, ukiweka R RPM ikiwa bado 1500 lazima ishtuke. Kesho washa, subiri mpaka mshale ushuke chini ya 1000, ndio uweke R. Uone kama kishindo kinabaki. Kama kinabaki, angalia mauntini, yaani mipira inayoshika injini: fungua boneti, mtu mzima akae kwenye usukani amekanyaga breki mpaka mwisho na handibreki imevutwa, ahamishe R, N, D, wewe simama ubavuni, usisimame mbele wala nyuma ya gari, uangalie injini. Ikiruka kama inataka kutoka, mauntini imekatika, na hiyo haifiki hata robo ya hela uliyotajiwa. Alafu Noah zipo za oto ya gia 4 na zipo za CVT, hukuniambia yako ni ipi. Kama ina stiki pima kama nilivyoeleza hapo juu, dondosha matone mawili kwenye tishu nyeupe upige picha mchana, sio usiku na tochi, unitumie pamoja na daftari utakaloandika kwa siku 14. Ng'ombe abaki bandani mpaka nione hiyo picha.