Kibwagizo ni mshororo wa mwisho, au ni korasi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano, na jioni huwa naimba kwaya. Darasani tumefundishwa kwamba kibwagizo ni mshororo wa mwisho wa ubeti unaojirudia. Kwenye kwaya, kiongozi wetu akisema "turudi kwenye kibwagizo", anataka mistari minne ambayo sote tunaimba pamoja. Tena vitabu vingine vinataja kiitikio, kipokeo, mkarara na kituo. Hivi ni vitu vingapi? Na kwenye mtihani niandike kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako na kiongozi wa kwaya wote wako sawa, ila hawazungumzii kitu kimoja.

Anza na neno lenyewe. Kubwaga ni kuutupa chini mzigo ulioubeba. Mshairi analibeba wazo lake mshororo baada ya mshororo, na anapofika mwisho wa ubeti analitua pale pale alipolitua mara ya kwanza, kwa maneno yale yale. Nimekutungia mfano wa tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, yenye mizani (silabi) kumi na sita kila mshororo, nane kila kipande:

Jua limekwishapanda, njia yote yaunguza,
Mabega yana vidonda, kamba zimetuumiza,
Hakuna aliyeshinda, kwa mwili kuupuuza,
Mwenye mzigo atue, safari ingali ndefu.

Ikiwa mshororo huo wa nne utarudi vilevile kwenye ubeti wa pili, wa tatu na kuendelea, hicho ni kibwagizo. Ikiwa ubeti wa pili utaishia na "Aliyechoka alale, usiku bado mrefu", na wa tatu ukaishia kwa njia nyingine tena, basi shairi halina kibwagizo. Lina kimalizio, au kiishio ukipenda. Kwa hiyo usiseme kila mshororo wa mwisho ni kibwagizo. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye karatasi za wanafunzi. Lazima usome beti mbili za mwanzo ndipo ujibu.

Sasa, kipimo ninachokitumia mimi kutenganisha cha shairi na cha wimbo ni hiki: kiondoe, halafu utazame ubeti. Ukifuta "Mwenye mzigo atue" hapo juu, unabaki na mishororo mitatu na tarbia imevunjika. Kibwagizo cha shairi ni kiungo cha ubeti. Kinahesabiwa pamoja na mishororo mingine na kwa kawaida mizani yake hulingana nayo. Cha wimbo kinasimama nje. Ubeti unakwisha, wenye kuitikia wanaingia, kisha ubeti mwingine unaanza. Ukikifuta, beti zako zinabaki nzima, japo wimbo utapwaya. Ndiyo maana kwenye kwaya kinaweza kuwa na mistari minne wakati ubeti una sita, hata kikafungua wimbo kabla ya ubeti wa kwanza. Shairi haliruhusu hayo.

Majina mengine yanaangalia kitu hicho hicho kutoka pembe tofauti. Kiitikio kinatokana na kuitikia: mmoja anaongoza, wengine wanajibu, kama ngomani. Kipokeo nacho kinatoka kwenye kuupokea wimbo, lakini jina hili lina mtego, maana wapo wanaouita hivyo pia mshororo wa kwanza wa ubeti. Mkarara una shina moja na kukariri. Umetilia mkazo kurudia, bila kujali nani anaimba. Korasi ni ya studio na kanisani. Binafsi, nikiandika kuhusu wimbo nasema kiitikio, nikiandika kuhusu shairi nasema kibwagizo, na sijawahi kujuta.

Kituo kinataka uangalifu. Kwa baadhi ya walimu, kituo ni mshororo wowote wa mwisho, urudiwe usirudiwe. Kwa wengine ni ule usiorudiwa tu. Fuata kitabu mnachotumia darasani, na kwenye mtihani andika jina pamoja na sababu: "Shairi lina kibwagizo kwa kuwa mshororo wa nne unarudiwa katika kila ubeti." Mtahini akiona sababu, hawezi kukupokonya alama kirahisi.

Umeimba kwaya, basi nikupe jambo la ziada. Wimbo wa Taifa wa Tanzania una beti mbili, na kila ubeti una kiitikio chake. Cha kwanza kinaomba baraka kwa Afrika na watoto wake. Cha pili ni kile kile, ila pameingia Tanzania palipokuwa na Afrika. Je, hicho bado ni kiitikio? Kwangu mimi ndiyo: sauti ni ile ile, umbo ni lile lile, waimbaji wote wanaingia. Muziki una mahadhi ya kushikilia kumbukumbu, kwa hiyo unavumilia neno kubadilika. Shairi la kusomwa halina msaada huo, ndiyo maana ukibadilisha neno moja tu kwenye kibwagizo, msomaji anashtuka. Washairi hodari hufanya hivyo makusudi kwenye ubeti wa mwisho.

Usichanganye kibwagizo na pindu. Katika pindu maneno yanayomaliza ubeti mmoja ndiyo yanayoanza unaofuata. Yanarudiwa mara moja, kisha shairi linasonga mbele. Wala sebene kwenye muziki wa dansi si kibwagizo, maana hapo magitaa ndiyo yanayotawala.

Na siku utakapotunga lako, tunga kibwagizo kwanza. Ukikiacha hadi mwisho, utajikuta unakilazimisha kikae chini ya beti saba zisizokitaka.