Bwana Shamba Anajibu: Eti Sahara inashuka Newala?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina shamba la mikorosho na ufuta hapa Newala. Zamani ufuta ulinipita kimo. Siku hizi mche ukifika gotini unadumaa, na upande wa bondeni umebaki mchanga mweupe mtupu. Jirani yangu anasema Jangwa la Sahara linashuka, limeshafika Dodoma, sasa ni zamu yetu. Mimi nabisha: huku ni karibu na bahari, jangwa litafikaje? Nani mkweli?
Mama Korosho, Newala

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nyote mmekosa, ila jirani yako kazidi.

Bahari haizuii jangwa. Jangwa la Namib, kule Namibia, limeanzia ufukweni kabisa. Maji ya bahari yao ni ya baridi, hewa yake haipandi juu ikafanya mawingu ya mvua, wanaambulia ukungu tu. Bahari yetu ni ya vuguvugu, ndiyo maana kaskazi inatuletea mvua.

Sasa hiyo Sahara. Jangwa hasa ni pale mvua isipofika milimita 250 kwa mwaka. Wewe unapata zaidi ya mara tatu ya hiyo. Na Dodoma haikuvamiwa na mtu. Kondoa, huko huko mkoani Dodoma, ilichimbika makorongo kwa mifugo mingi na majembe ya hapo hapo, hadi mwaka 1979 serikali ikaamuru ng'ombe waondolewe. Majani yakarudi. Ingekuwa ni Sahara imefika, ingeondoka kwa kuswaga ng'ombe?

Shamba lako linaharibikia hapo hapo lilipo, na mimi namshuku moto. Udongo wa uwanda wa Makonde ni mchanga. Rutuba yote iko kwenye tabaka jembamba la juu, lile jeusi. Mkishapura ufuta mnachoma mabua, halafu wanakuja wasaka panya na viberiti vyao (nao wakiulizwa, moto "umetoka kwa jirani"). Mvua ya kwanza ya Desemba inakuta ardhi uchi. Matone yanaipigapiga, juu panagandamana utando mgumu, maji yanashindwa kuzama, yanateremka bondeni na ule weusi wote. Mwaga kopo la maji pale peupe, kisha umwage jingine chini ya mkorosho wenye majani makavu, uone lipi linazama upesi.

Msimu huu usichome. Mabua yalaze kukingama na mteremko, mbaazi zipande katikati ya mikorosho, na vile visiki vinavyochipua upande wa bondeni usiving'oe: acha machipukizi mawili matatu yenye nguvu, mengine punguza. Dodoma wanaita kisiki hai, na hakina gharama ya mche wala ya kumwagilia. Peupe pale usitegemee ufuta mwakani. Panahitaji misimu kadhaa.

Huyo jirani mwambie mkate barabara ya kuzuia moto mpakani mapema, nyasi hazijakauka. Panya atawasaka kwa mitego.